MAFUNZO YA DINI: MATAYARISHO YA SAFARI PAMOJA NA JAMAA

Ndugu msomaji, tuseme umeazimia kuwachukua mkeo na watoto kwa motokaa kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, mwendo wa kilomita zaidi ya 800. Walioingia Uislamu karibuni huuliza: safari kama hiyo yahusu nini na dini, zaidi ya dua ya kuondokea? Yahusu tangu siku ya kukagua magurudumu.

Katika Tirmidhi imepokewa kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtukufu Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache bila kumfunga na kutegemea. Akaamriwa amfunge, kisha ategemee. Basi breki, taa, gurudumu la akiba na mikanda ya viti, kwa mtoto pia, ndiyo kamba ya ngamia wako. Asiyeikagua hajamtegemea Mwenyezi Mungu. Amepuuza amana ya roho za watu.

Andika madeni yako na wosia kabla ya kuondoka. Wakiwa watatu au zaidi, na wamchague kiongozi, kama ilivyo katika Abu Daud. Kwa namna hiyo hakuna ugomvi wa wapi pa kusimama.

Yafaa tukae kidogo juu ya usingizi. Mtume s.a.w. alimwamuru mwenye kusinzia ndani ya sala alale mpaka usingizi umtoke, asije akajiapiza kwa kudhani anaomba maghufira. Ikiwa anayesinzia mbele ya Mola wake huambiwa alale, je, anayesinzia akishika usukani, na wanawe wamelala nyuma yake? Hadithi nyingine, iliyo katika Muslim, yawaagiza wasafiri wanaopumzika usiku wajitenge na njia, kwa kuwa usiku ndiyo mapito ya wanyama. Anayeijua barabara ikatayo Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50 ataelewa neno hilo bila mfasiri! Pita hapo mchana, polepole. Na ukisimama usiku popote, toka barabarani kabisa.

Sasa sala. Safarini rakaa nne za Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa mbili mbili. Magharibi hubaki tatu na Alfajiri mbili. Waweza kuzikusanya Adhuhuri na Alasiri, tena Magharibi na Isha. Ukisali nyuma ya imamu mwenyeji, timiza nne pamoja naye. Chukua dumu la maji ya kutawadha, na mkeka.

Wengine huona haya kupunguza, wakisema barabara ni ya lami na hakuna hofu. Sayidna Umar r.a. aliuliza hayo hayo, akajibiwa kwamba hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu, ipokeeni. Kurudisha zawadi ya mfalme si unyenyekevu. Vivyo hivyo saumu ya Ramadhani: msafiri hula, kisha hulipa siku zile baadaye. Soma Sura Al-Baqara, aya 185 na 186 (katika misahafu isiyoihesabu Bismillahi ni 184 na 185).

Haja yako ikiisha usikawie, bali rudi nyumbani. Wapelekee habari mapema walio huko, wala usiwashtukize usiku. Mtume s.a.w. aliporejea safarini alianzia msikitini, akasali rakaa mbili.