Namna ya Kutafsiri Muvi ya Fulci kwenye Banda Umiza la Rwamgasa

Mtafsiri wa muvi kwenye banda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, huku Rwamgasa kwa wachimba dhahabu wa Geita, anawajua wateja wake. Wametoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, au mwaloni wanakooshea mchanga wake, wamechoka, na wanataka steringi, adui na ngumi. Wape hivyo siku zote, lakini usiku mmoja waonyeshe Non si sevizia un paperino, filamu ya Lucio Fulci ya mwaka 1972. Ni ya upelelezi na ya kutisha kwa pamoja, aina ambayo Waitaliano wanaiita giallo, na haijulikani sana huku kwetu. Katika kijiji cha kusini mwa Italia kiitwacho Accendura, watoto wa kiume wanauawa mmoja baada ya mwingine. Kijiji kinamshuku mwanamke anayeishi peke yake na kufanya mambo ya uganga. Wanaume wanampiga kwa minyororo mpaka anakufa, na mauaji ya watoto hayakomi.

Huku kwetu kisa hiki hakihitaji maelezo marefu. Shinyanga, Mwanza na Geita tumezika bibi zetu wengi waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ulitokana na moshi wa mabua na kinyesi cha ng'ombe walivyopikia miaka yote. Ndiyo maana nasema muvi hii ni yetu, na inastahili kutafsiriwa kwa uangalifu kuliko ya Jet Li.

Anza na ubao wa nje. Usiandike kwa chaki "Mchawi wa Accendura", maana utakuwa umeshatoa hukumu kabla mtu hajalipa kiingilio. Andika "Nani Anaua Watoto?" Chagua usiku usio na mechi ya Simba wala Yanga. Watoto wasiingie kabisa: kuna watoto wanaouawa, na kuna sehemu mwanamke aliye uchi anamchezea akili mtoto wa kiume. Hiyo ipeleke mbele bila maelezo. Hakikisha pia kibali cha banda kipo. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakuhusu hata kama una televisheni moja na subufa, na afisa utamaduni wa halmashauri ndiye wa kumuuliza.

Itazame mwenyewe kwanza, tena na tena, mpaka ujue nani anaingia lini. Majina ya Kiitaliano yatawachanganya watu, kwa hiyo waite kwa kazi zao: Mwandishi wa habari, Padri, Mama wa Padri, Dada wa mjini. Mwanamke anayeshukiwa mwite Maciara, kama wanavyomwita wao. Wewe kwa sauti yako usimwite mchawi hata mara moja. Neno hilo waachie wanakijiji, nawe uwe unasema "wanadai", "wanasema".

Sehemu ngumu iko polisi. Maciara anakiri. Ametengeneza vinyago vya watoto na kuvichoma sindano, na anaamini kweli kwamba ndivyo alivyowaua. Hapo banda zima litapiga kelele: amekiri mwenyewe! Mtafsiri mvivu atafurahia kelele hizo na kuendelea. Wewe punguza sauti ya subufa na utafsiri swali la polisi taratibu: uliwaua vipi, kwa mikono gani? Hana jibu zaidi ya vile vinyago. Kisha anapatikana askari aliyemwona mbali na mahali pa mauaji, na anaachiwa. Sentensi ya huyo askari irudie mara mbili. Asiyeisikia hataelewa kinachofuata.

Kinachofuata ni makaburini. Wanaume wanamzingira, redio ya gari inapiga muziki, kisha Ornella Vanoni anaimba wimbo laini wa mapenzi huku minyororo ikimshukia mwanamke yule. Zima maiki. Najua watafsiri tumekulia kwa mtafsiri mwenzetu Lufufu, ambaye hakuacha hata pumzi ya mtu bila maneno, na namheshimu sana, lakini hapa neno lolote utakalotia litawapa watu nafasi ya kucheka. Nyamaza pia anapojikokota kwa mikono mpaka barabara kuu, damu imemjaa, na magari ya watu wanaokwenda matembezini yanampita. Wape watu muda waione sehemu hiyo. Usisimamishe picha kutoa hotuba.

Muuaji ni Padri. Anawapenda watoto hao, na amewaua ili wafe kabla hawajatenda dhambi. Maneno yake yatafsiri yalivyo, bila kejeli kwa Kanisa wala matusi. Ni vyema viongozi wa kigango ukawaonyesha muvi mapema, wasije wakasikia habari nusu nusu sokoni.

Ikiisha, usizime jenereta haraka. Washa taa, uliza swali moja: kati ya wanaume wale wa makaburini na Padri, nani alikuwa na uhakika zaidi? Nyamaza usikilize. Mtu atataja ramli, na atataja mganga aliyemwambia fulani kwamba jirani ndiye amemfungia duara lisitoe dhahabu. Mwache amalize, kisha mkumbushe kwamba Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi Januari 2015, na kwamba wanaoishi na hatari ya kweli ni bibi wa pale jirani.

Wakirudi wiki ijayo wakitaka nyingine, tafuta White Shadow ya Noaz Deshe. Ilipigwa hapa Tanzania kwa ushirikiano na Wajerumani na Waitaliano, na mwaka 2013 ilishinda tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji huko Venice. Inahusu kijana mwenye ualbino anayewindwa. Kabla ya kuibandika ubaoni, kaa na watu wenye ualbino wa kijijini na familia zao, uwasikilize wanaionaje. Wakikubali, usiku huo kazi yako itakuwa nyepesi, maana waigizaji wanazungumza Kiswahili.