Ripoti ya Skana ya Mtandao na Kiolezo Chake

Kompyuta mbili haziwezi kuwasiliana bila kila moja kuwa na anwani. Anwani hiyo ni namba, na ndani ya ofisi mara nyingi huwa na umbo kama 192.168.10.15. Lakini anwani peke yake haitoshi, kwa kuwa kompyuta moja hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: kupokea barua pepe, kutoa kurasa za wavuti, kugawana faili. Kila kazi hupewa namba yake iitwayo mlango, au poti kama mafundi wengi wanavyosema. Namba za milango huanzia 0 hadi 65535. Mlango 443 hutumika kwa kurasa za wavuti zilizosimbwa. Mlango 445 ni wa kugawana faili kati ya kompyuta za Windows. Mlango 23 ni wa Telnet, njia ya zamani ya kuiamuru mashine ukiwa mbali, ambayo hupitisha nywila bila kuisimba.

Mlango ukiwa wazi, maana yake ipo programu inayosubiri kujibu. Hilo si kosa. Seva isiyo na mlango hata mmoja wazi haimhudumii mtu. Hatari iko kwenye mlango ulioachwa wazi bila mwenyewe kujua, au kwenye programu inayojibu huku ikiwa na udhaifu unaojulikana na usiozibwa.

Skana ni programu inayojaribu milango hiyo na kuandika inachojibiwa. Mojawapo ya zinazotumika sana ni Nmap, iliyotolewa na Gordon Lyon mwezi Septemba 1997. Nessus, iliyoanzishwa na Renaud Deraison mwaka 1998, huendelea mbele kidogo: hulinganisha inachokikuta na orodha ndefu ya udhaifu uliokwisha kutangazwa. Kabla ya kuendesha skana yoyote, pata idhini ya maandishi ya mwenye mtandao. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inahesabu kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai.

Tuchukue sacco ya kubuni, yenye makao makuu mjini Embu na matawi Runyenjes na Siakago. Skana ikimaliza kazi yake, kitu cha kwanza inachozalisha ni data. Ripoti huja baadaye. Nmap huweza kuihifadhi data hiyo katika faili la XML. XML ni maandishi ya kawaida ambamo kila kipande cha habari kimefungwa ndani ya lebo inayokitaja: hii ni mashine, hii ni anwani yake, huu ni mlango wake, hii ni hali ya mlango. Faili hilo halina jedwali wala rangi, na halimlengi msomaji yeyote.

Kinachogeuza data kuwa ripoti ni kiolezo. Kiolezo ni faili la pili, lenye kanuni za kuonyesha yaliyomo katika faili la kwanza. Kwa Nmap, kanuni hizo huandikwa kwa lugha ya XSLT, na programu huja na kiolezo chake kiitwacho nmap.xsl. Kanuni moja, ikisemwa kwa maneno, ni hivi: kila ukikuta lebo ya mlango ambayo hali yake ni wazi, andika mstari mmoja wa jedwali wenye namba ya mlango, jina la huduma na toleo la programu. Nakili faili hilo, libadilishe jina, kisha uhariri ile nakala. Vichwa vya safu unaweza kuviweka kwa Kiswahili, nembo ya ofisi ukaiweka juu, na safu usiyoihitaji ukaiondoa. Hayo ni mepesi, na wengi huishia hapo.

Kazi kubwa zaidi ni mpangilio. Kiolezo cha kawaida hupanga habari kwa mashine: anwani moja, matatizo yake yote, kisha anwani inayofuata. Tuseme kompyuta 20 za sacco yetu hazijapata sasisho ambalo Microsoft ilitoa tarehe 14 Machi 2017 kuziba udhaifu CVE-2017-0144. (Udhaifu huo ndio ulioiwezesha programu hasidi ya WannaCry kusambaa duniani kupitia mlango 445 kuanzia tarehe 12 Mei mwaka huohuo.) Ripoti iliyopangwa kwa mashine itautaja udhaifu huo mara 20, kurasa mbalimbali. Iliyopangwa kwa marekebisho itaandika kazi moja, na chini yake anwani 20. Fundi anahitaji hii ya pili.

Hata hivyo bado hajui aende wapi. Anwani 192.168.30.7 haisemi kwamba mashine iko Siakago, na skana haiwezi kulijua hilo. Dawa yake ni kutayarisha faili dogo la orodha ya mali: anwani, tawi, mtumiaji, na kama mashine inahifadhi data za wanachama au la. XSLT ina uwezo wa kusoma faili la pili na kuoanisha habari kwa anwani. Sasa ripoti inaweza kugawanywa kwa matawi, na fundi akafunga safari moja ya Siakago badala ya tatu. Ile safu ya data za wanachama nayo ina faida yake: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye kusimamia data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data zimevuja na wenyewe wamo hatarini. Muda huo ni mfupi mno kuanza kuulizana ni kompyuta ipi ilikuwa na nini.

Linalotaka uangalifu kuliko yote ni uchujaji. Uzito wa udhaifu hupimwa kwa mfumo wa CVSS, alama 0 hadi 10. Katika toleo lake la tatu, 4.0 hadi 6.9 ni wastani, 7.0 hadi 8.9 ni kubwa, na 9.0 kwenda juu ni hatari sana. Ripoti ikiwa ndefu, kishawishi ni kuandika kanuni ya kuacha kila kilicho chini ya 7.0. Sasa rudi kwenye mlango 23. Telnet iliyo wazi kwenye rauta mara nyingi hupewa kiwango cha wastani, kwa hiyo kanuni hiyo itaiondoa. Lakini mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na rauta kupitia Telnet, ikijaribu orodha ya zaidi ya nywila 60 za kiwandani, na tarehe 21 Oktoba ikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn hadi tovuti nyingi kubwa za Marekani zikawa hazifikiki. Alama ya CVSS haijui kama nywila ya rauta yako ilibadilishwa. Kwa maoni yangu, kichujio cha alama pekee hakifai. Kiongezewe orodha fupi ya milango isiyofichwa kamwe, na 23 iwemo.

Kuna ufichaji mwingine usioonekana upesi. Nmap isipoelekezwa vinginevyo huchunguza milango 1,000 tu inayotumika zaidi, si yote. Faili lake la XML huhifadhi amri kama ilivyoandikwa, wakati wa kuanza, na milango iliyochunguzwa. Kiolezo kinachoondoa habari hizo ili ukurasa wa kwanza upendeze huiachia bodi sentensi isemayo hakuna tatizo, bila kuieleza ni wapi palipotazamwa. Nakala ya bodi inaweza kukosa anwani za mashine, na ni vizuri ikose, maana ripoti kamili ikipotea humrahisishia kazi mvamizi. Isikose mipaka ya uchunguzi.

Kiolezo kikikamilika, kijaribu kwa hesabu. Hesabu lebo za milango iliyo wazi katika faili la XML, kisha hesabu mistari iliyotokea kwenye ripoti. Ikiwa faili lina 41 na ripoti ina 29, mistari 12 imechujwa, na namba hiyo iandikwe juu ya jedwali pamoja na kanuni iliyoiondoa. Ukipata 28 ilhali kwa kanuni hiyo ilipaswa kubaki 29, kanuni moja ya kiolezo ina kasoro. Itafute kabla ripoti haijamfikia mtu.