Mtoto Mdogo na Sheria za Shule

Kila mwezi wa Januari watoto wadogo wa Makorora huingia darasani kwa mara ya kwanza. Siku ile ile husomewa sheria: fika mapema, usichukue cha mwenzio, usimwage maji. Wote huitikia, “Ndiyo, mwalimu,” kisha husahau kabla ya kengele ya mapumziko. Je, huo ni ukaidi? La. Mtoto wa miaka sita hawezi kulishika neno asiloiona faida yake.

Yatupasa basi kutenga mambo mawili. Sheria humkataza mtoto. Wajibu humkabidhi kitu akitunze. Mwambie, “Usimwage maji,” naye atamwaga. Lakini mpe zamu ya kutunza ndoo ya maji ya kunywa kwa juma moja, ukimweleza ya kuwa yakiisha saa nne wenzake watashinda na kiu. Ndipo utakapomwona yeye mwenyewe akiwakataza wengine wasiyachezee. Sheria ni ile ile, ila sasa imekuwa yake.

Zamu hiyo isigeuzwe adhabu. Mwalimu amwamuruye mchelewaji kufagia uwanja amelifundisha darasa zima kwamba kufagia ni aibu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi washiriki katika kazi za shule yao na katika kuamua mambo yake. Hata mdogo aweza kuanza: agawe madaftari, amwagilie mche, aseme kwa nini tunapanga mstari.

Wako wasemao kuwa pasipo fimbo hapana adabu. Lakini kanuni za serikali za mwaka 2002 ziliiwekea fimbo mipaka: iwe kwa kosa kubwa, kwa idhini ya mkuu wa shule, viboko visizidi vinne, navyo viandikwe kitabuni. Mipaka hiyo ina sababu. Mwezi wa Agosti 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Tena mtoto atiiye kwa hofu hutii mwalimu akiwapo tu. Akitoka, sheria nayo imetoka.

Nasi wazazi tuna sehemu yetu. Amtumaye mwanawe gengeni asubuhi hata akachelewa shule, asimlaumu mwalimu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa mtoto haki zake, lakini pia humwekea wajibu wa kuwaheshimu wakubwa na kuitumikia jamii kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Wajibu huo huanzia nyumbani, kwa kukunja mkeka aliolalia na kuosha kikombe alichonywea.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee, hawakusema mvunje. Basi jioni mtoto arudipo, tusimwulize tu, “Umefundishwa nini?” Tumwulize pia, “Umekabidhiwa nini?” Kisha tumsikilize mpaka mwisho.