Kipanya Kibaki Mkononi mwa Mtoto

*Shangazi,*

*Nina miaka 24, nafundisha watoto kuandika programu kila Jumamosi katika klabu moja hapa Mombasa. Mwenye klabu amenunua haki ya kutumia jina la kampuni ya nje, na masomo huletwa yakiwa tayari. Sharti lake ni moja: kila mtoto aende nyumbani na gemu iliyokamilika, mzazi aone pesa zake zilikokwenda. Nina watoto wanane na saa moja na nusu. Juzi msichana wa miaka 9 alikwama: paka wake akimgusa samaki mara moja, alama zinaruka hadi kumi na kitu. Nikashika kipanya, nikamrekebishia. Mama yake alipomuuliza amefanyaje, akajibu, "Muulize mwalimu." Tangu hapo najiona tapeli. Niseme au ninyamaze? Mkataba wa maandishi sina, na huu ni mwezi wangu wa saba kazini.*

*Mwalimu wa Jumamosi*

Barua hii imemgusa Shangazi, kwa kuwa msichana yule alisema kweli. Mwalimu asinyamaze, ila aanzie darasani kabla ya kwenda ofisini.

Kosa lile lina sababu yake. Katika Scratch, lugha ya programu ya watoto ambayo huenda mnaitumia, bloku ya kurudia bila kikomo hukagua takriban mara 30 kwa sekunde kama paka amemgusa samaki, hivyo mguso wa nusu sekunde waweza kuhesabiwa mara 15. Dawa ni ndogo: samaki akiguswa, aruke papo hapo aende kwingine. Mtoto wa miaka 9 anaweza kuligundua hilo akipewa dakika kumi na mtu wa kumuuliza, "Ulitaka nini kitokee? Umeona nini?" Dakika hizo ndizo somo lenyewe, na ndizo alizonyimwa kipanya kilipochukuliwa.

Waliobuni zana hizi walilijua jambo hilo. Seymour Papert, mmoja wa waliounda lugha ya Logo mwaka 1967, alishikilia kwamba mtoto hujifunza kufikiri anapoisaka kasoro ya programu yake mwenyewe. Mitchel Resnick na wenzake wa MIT, Marekani, walifuata njia hiyo walipoitoa Scratch mwaka 2007. Nazo klabu za bure za CoderDojo, zilizoanzia Cork, Ireland, mwaka 2011, zilijenga desturi inayomfaa sana mwalimu mwenye watoto wanane: waulize wenzako watatu kwanza, ndipo uniulize mimi.

Mwenye klabu naye aeleweke. Jina amelilipia, mrabaha unakwenda makao makuu, na mzazi asiyerudi muhula ujao ni pengo mfukoni mwake. Anatafuta kitu cha kumwonyesha mzazi.

Basi apewe kitu hicho. Katika dakika kumi za mwisho, wazazi wanapofika, kila mtoto abadilishe jambo moja mbele ya mzazi wake, kwa mfano kasi ya samaki au rangi ya bahari, na aeleze alivyofanya, hata kama gemu haijakamilika. Scratch inapatikana kwa Kiswahili pia, kwa hiyo hata nyanya aliyekuja kumchukua mjukuu atafuata. Mwalimu aombe kujaribu hivyo kwa Jumamosi nne, darasa moja tu.

Kuhusu mkataba, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandaa ni la mwajiri. Mwalimu auombe kwa adabu, siku nyingine, asiuchanganye na habari za gemu.

Jumamosi hii, kabla ya somo jipya, mwalimu amfungulie msichana yule gemu yake, aondoe mbele yake kile alichokiongeza, amwombe radhi, kisha akae pembeni, mikono nyuma. Alama zitaanza tena kuruka. Amwache mtoto atafute.