Kuchuja Sonona kwa Vijana: Kazi ya Chombo na Kazi ya Mganga

Sonona ni ugonjwa wa akili ambao dalili zake kuu ni huzuni isiyokwisha na kupotewa na hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu. Dalili nyingine ni kuvurugika kwa usingizi, uchovu, kujiona duni na kushindwa kukaza fikira. Kwa kijana, ugonjwa huu aghalabu hujificha nyuma ya hasira, utoro au kushuka kwa alama za mitihani, hata akaitwa mvivu au mkaidi. Aendapo zahanati hulalamikia kichwa au tumbo, akapewa dawa ya maumivu na kurudi nyumbani na ugonjwa wake. Hasara yake si ndogo: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29.

Maswali tisa

Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani, Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, walichapisha matokeo ya dodoso fupi liitwalo PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu hali ya mtu katika wiki 2 zilizopita. Jibu la "hapana kabisa" hupata alama 0, "siku kadhaa" 1, "zaidi ya nusu ya siku hizo" 2, na "karibu kila siku" 3. Kwa hiyo jumla huwa kati ya 0 na 27. Mwaka 2016, na tena mwaka 2022, jopo la taifa la huduma za kinga nchini Marekani lilipendekeza kwamba vijana wa miaka 12 hadi 18 wachujwe kwa ajili ya sonona katika huduma ya afya ya msingi.

Faida ya chombo cha elektroniki

Katika zahanati nyingi za huko, kijana anayesubiri kumwona daktari hupewa kishikwambi ajibu peke yake. Chombo hujumlisha alama bila kukosea, hakimruhusu kuruka swali, na hufikisha matokeo kwa daktari kabla mazungumzo hayajaanza. Faida nyingine ni faragha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 katika jarida la Science ulionyesha kwamba wavulana wa Marekani wa miaka 15 hadi 19 walikiri mambo ya siri zaidi, kama vile kubeba silaha, walipoulizwa na kompyuta kwa njia ya visikizio kuliko walipojaza karatasi. Mashine haikunji uso wala haishangai.

Mfano wa chekeche

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba kuchuja si kupima ugonjwa. Dodoso ni kama chekeche la unga. Matundu yakiwa makubwa, chenga hupita pamoja na unga. Yakiwa madogo mno, unga mzuri hubaki juu. Utafiti wa mwaka 2010 juu ya vijana 442 wa Marekani ulionyesha kwamba, mpaka ukiwekwa kwenye alama 11, dodoso huwanasa wagonjwa wapatao 90 katika kila 100, na huwatambua sawasawa wazima wapatao 78 katika kila 100.

Tuseme shule ina wanafunzi 1,000, na 50 kati yao wana sonona. Dodoso litawanasa wagonjwa 45 na kuwakosa 5. Kati ya wazima 950, litawanasa kimakosa 22 katika kila 100, yaani 209. Jumla ya watakaonaswa ni 254, na wagonjwa halisi ni 45 tu, yaani chini ya mmoja kati ya watano. Kumwita kila aliyenaswa mgonjwa ni kuwadhulumu wengi. Kuwatupilia mbali wote ni kuwapoteza wale 45. Hapana budi mganga azungumze na kila mmoja.

Swali la mwisho huuliza kama kijana amewaza kujidhuru au kwamba ni heri afe. Kijana aweza kupata jumla ya alama 4 tu, chini sana ya mpaka, lakini awe amejibu "siku kadhaa" katika swali hilo. Chombo kinachotazama jumla peke yake kitampitisha. Kwa sababu hiyo, jibu lolote lisilo 0 hapo lazima limfikie mhudumu siku ile ile, kabla kijana hajaondoka. Kuuliza swali hilo pasipo mtu wa kupokea jibu ni kumwacha kijana hatarini.

Lugha nayo ni sehemu ya chekeche. Dodoso hili limefasiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya na Tanzania. Lakini kijana asemaye "nina mawazo mengi" au "moyo mzito" huenda asijitambue katika neno "sonona". Tafsiri isiyopimwa kwa wasemaji wenyewe hubadili matundu ya chekeche, na mpaka uliofaa Marekani waweza usifae Mombasa au Morogoro.

Mwalimu si mganga, wala hapaswi kutoa hukumu ya ugonjwa. Lakini yeye humwona kijana kila siku, nacho kishikwambi humwona kwa dakika chache tu. Mwanafunzi anayebadilika ghafla aulizwe kwa faragha na upole, kisha apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Maswali ya zoezi

1. Kama wagonjwa ni 100 kati ya wanafunzi 1,000, ni wangapi watakaonaswa, na wangapi kati yao ni wagonjwa halisi?
2. Mpaka ukipandishwa kutoka 11 hadi 15, ni kosa gani litapungua, na lipi litaongezeka?
3. Eleza kwa nini zahanati isiyo na mhudumu wa kupokea majibu isianze kutumia chombo hiki.