Kamera Ipi Itasoma Herufi Ndogo? Somo kwa Wakusanyaji wa Sarafu na Stempu Thika na Ruiru

Wapo wakaazi wengi wa Thika, Ruiru na vitongoji vyake walio na mkebe wa sarafu za zamani kabatini, albamu ya stempu, au bahasha ya noti zilizoachwa na babu. Siku wanapotaka kuonyesha mali hiyo kwa mnunuzi, kwa bima au kwa jamaa aliye ng'ambo, wanatoa simu, wanapiga picha, na picha inatoka na doa jeupe katikati na maandishi yasiyosomeka. Hapo ndipo huuliza: ninunue kamera gani?

Kabla ya kwenda dukani, tafuta kitu kidogo zaidi unachotaka kisomeke katika picha. Kamera huchaguliwa kwa kipimo hicho.

Chukua mfano wa senti kumi yenye tundu, ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Upana wake ni milimita 30 hivi. Haina kichwa cha mfalme. Ina jina lake tu. Ya mwaka 1936 inaweza kuwa na jina la Edward VIII, aliyetawala kwa chini ya mwaka mmoja na kuachia kiti Desemba kabla hajatawazwa. Sarafu nyingine za enzi hizo zina herufi ndogo za kiwanda: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni Kings Norton, pia Birmingham, na SA ni Pretoria. Sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa herufi hiyo peke yake, na mkusanyaji anayejua kazi yake ataitafuta kabla ya kutaja bei. Tuseme kimo cha herufi ni milimita moja. Je, kamera yako itaisoma?

Hesabu ya nukta

Picha ya simu ya megapikseli 12 ina nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Lenzi kuu ya simu nyingi haitoi picha wazi ukikaribia zaidi ya sentimita 10 hivi, na kwa umbali huo inaona eneo lenye kimo cha karibu sentimita 10. Gawanya nukta 3,000 kwa milimita 100: kila milimita inapata nukta 30. Ukivuta kwa vidole kwenye kioo, mara nyingi simu inakuza nukta zilezile tu. Nukta 30 zinatosha kukuonyesha kwamba kuna herufi, lakini sarafu ikiwa imechakaa hutajua kama ni H au ni mkwaruzo.

Muuzaji atakuambia uchukue simu ya megapikseli 48. Idadi ya nukta imeongezeka mara nne, lakini zimetandazwa kwa upana na kwa kimo, kwa hivyo kila milimita inapata mara mbili tu, yaani 60. Kutoka 12 hadi 24 faida ni mara 1.4 pekee. Namba iliyoandikwa kwa wino mkubwa kwenye boksi ndiyo inayokusaidia kidogo zaidi kati ya zote, na ndiyo inayotangazwa zaidi.

Ile kamera ndogo ya makro ya megapikseli 2 iliyo kwenye simu nyingi za bei nafuu ina nukta 1,200 tu kwa kimo. Hata sarafu ikijaza picha yote, unapata nukta 40 kwa milimita.

Linganisha na kamera ya kubadilisha lenzi, hata iliyotumika, yenye megapikseli 24 na sensa ya ukubwa wa APS-C, ambayo kimo chake ni milimita 15 hivi. Lenzi ya kawaida ya 18-55 inayouzwa pamoja nayo mara nyingi hukaribia hadi taswira iwe theluthi moja ya kitu chenyewe. Sarafu ya milimita 30 inakuwa milimita 10 kwenye sensa. Hiyo ni theluthi mbili ya kimo cha picha, karibu nukta 2,700, sawa na 90 kwa kila milimita. Umepata mara tatu ya simu, na hujanunua lenzi yoyote ya ziada.

Ukiongeza lenzi halisi ya makro, ile iliyoandikwa 1:1, unafika nukta zaidi ya 260 kwa milimita. Hapo sarafu nzima haitaingia; utarudi nyuma kwa picha ya sarafu yote, kisha utakaribia kwa herufi. Pesa zikiwa chache, kuna pete za kurefusha lenzi, zisizo na kioo ndani, zinazokaa kati ya kamera na lenzi na kuiwezesha kukaribia zaidi. Chagua zenye miguso ya umeme, la sivyo kwenye kamera nyingi lenzi haitaweza kuongozwa.

Kwa maoni yetu, mwenye bajeti ndogo anunue mwili wa kamera wa miaka kumi iliyopita na lenzi nzuri ya kukaribia, aachane na kamera mpya yenye lenzi ndefu ya kuvuta ndege walio mbali kule Fourteen Falls. Hiyo ni ya kazi nyingine.

Stempu na noti hazihitaji kamera

Kitu bapa kipelekwe kwenye skana. Skana iliyowekwa nukta 1,200 kwa inchi inakupa 47 kwa milimita, na ya 2,400 inakupa 94, bila kivuli na bila kutikisika. Saiba nyingi mjini zina skana, ila zingatia mambo mawili. Mhudumu akiachiwa, atatumia 300 kwa sababu ndiyo ya vyeti na barua. Hiyo ni nukta 12 tu kwa milimita. Pia hakikisha ni skana ya kioo, ya kulaza karatasi na kufunika. Usikubali stempu au noti ya zamani ipitishwe kwenye mashine inayovuta karatasi kwa roli. Ikichanika humo, hakuna wa kukulipa.

Sarafu kwenye skana hutoka bapa kama imechorwa kwa penseli. Hizo ndizo zinazohitaji kamera.

Dukani

Nenda na sarafu yako mfukoni na kadi yako ya kumbukumbu. Iweke sarafu kwenye kaunta, sogeza kamera polepole hadi ikatae kulenga, rudi nyuma kidogo, piga. Kisha kuza picha kwenye kioo cha kamera uone kama mwaka na herufi vinasomeka. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekujibu tayari.

Kamera iliyotumika ichunguzwe zaidi. Toa lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hupenda vitu vilivyofungiwa kabatini wakati wa baridi na ukungu wa Julai. Lenzi hiyo iache. Piga karatasi nyeupe kwa tundu dogo, f/16, utafute madoa meusi ya vumbi kwenye sensa. Uliza chaja yake. Linganisha namba ya kamera na iliyoandikwa kwenye risiti, kwa maana kamera ya wizi ikipatikana kwako utakuwa na kesi ya kueleza.

Kamera iwe na mpangilio wa M, tundu la skrubu la stendi chini yake, na kipima muda cha sekunde mbili. Mengine ni mapambo.

Mwanga

Kamera nzuri kwenye mwanga mbaya itakupa picha mbaya iliyo wazi zaidi. Thika iko karibu nyuzi moja kusini mwa ikweta, na jua la saa sita linakuja karibu moja kwa moja kutoka juu. Sarafu inageuka kioo. Kaa ndani, kando ya dirisha lisilopigwa na jua, uweke karatasi nyeupe upande wa pili kurudisha mwanga. Flashi ya kamera izimwe. Sarafu iliyochakaa imulikwe kutoka ubavuni, mwanga ukiwa chini, ili herufi zilizobaki zitupe vivuli vyake. Mara nyingi mwaka uliodhaniwa umefutika hujitokeza hivyo.

Usiku, balbu za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde na kuleta mistari kwenye picha. Weka kasi ya 1/50 au ya polepole zaidi, ISO 100, tundu f/8, kamera juu ya stendi. Nyumba za kando ya Thika Road hutetemeka lori likipita, subiri lipite.

Wala usiisugue sarafu ili ing'ae. Dawa ya kung'arisha shaba, ndimu na majivu huondoa ngozi ambayo wakusanyaji wanailipia. Vumbi letu jekundu lipeperushwe kwa kipulizio cha mpira.

Picha kama ushahidi

Polisi hawezi kutafuta "mkebe wa sarafu za zamani". Anaweza kutafuta senti kumi ya 1936 yenye pengo ukingoni. Kwa sababu hiyo utaratibu wa kimataifa wa Object ID, uliotolewa mwaka 1997 kwa ajili ya vitu vya sanaa na mambo ya kale, unataka picha ya kitu kizima, picha za karibu za maandishi na za kasoro, pamoja na vipimo. Piga pande zote mbili, weka rula kando, na kila kasoro iwe na picha yake. Nakala moja ikae nje ya nyumba.

Mwenye sarafu za zamani zaidi, kama zile za Mombasa za mwaka 1888 zilizotolewa na kampuni ya IBEA, ajue kwamba Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vya kale, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Mnunuzi wa ng'ambo akiridhika na picha zako, kibali kitangulie posta.

Kabla ya kupiga picha yoyote, zima huduma ya mahali kwenye simu. Faili hubeba alama za mahali ilipopigwa, na ukiituma kama ilivyo umemwonyesha mgeni sarafu pamoja na mlango wa nyumba yako. Kamera nyingi zilizotumika hazina kifaa hicho.