Lea au Lia: Kosa la Kioo katika Uandishi wa Nukta Nundu

Makala haya yanachunguza kosa moja ambalo mwalimu wa Kiswahili asiyeijua Breli anaweza kulidhania la matamshi: mtoto asiyeona kuandika "lia" badala ya "lea". Aghalabu chanzo chake si ulimi, bali ni kibao.

Kila herufi ya Breli hukaa katika chumba cha nukta sita: 1, 2 na 3 kushoto kutoka juu, 4, 5 na 6 kulia. E ni nukta 1 na 5. I ni 2 na 4. Mtoto anayetumia kibao na kalamu ya ncha ya chuma hudidimiza nukta kwa nyuma ya karatasi, akitoka kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi ndipo asome. Umbo analoliandika, basi, ni kinyume cha lile atakalolipapasa, na E ikipinduliwa hivyo huwa I kamili. Ndivyo zilivyo pia D na F, H na J, R na W. Akisahau kupindua herufi moja tu, "dua" huwa "fua" na "kura" huwa "kuwa". Yote ni maneno halali. Hata kompyuta ya kusahihisha tahajia isingeshtuka.

Mashine ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham nchini Marekani na kuanza kuuzwa mwaka 1951, huliepuka tatizo hili, kwani nukta huinuka upande wa juu na kusomeka papo hapo. Lakini ni nzito na ghali, ilhali kibao huingia mkobani.

Njia ya tatu ni kibao cha kielektroniki kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kujaribiwa mwaka 2006 katika shule ya Mathru, Bangalore. Mtoto huandika, nayo kompyuta humtajia herufi mara moja, bila kungoja karatasi igeuzwe.

Hapa ndipo wanaisimu tunapohusika. Kwa Kiingereza, jina la herufi E hutamkwa "i". Mtoto wa Kiswahili aliyeandika E sawasawa ataambiwa na mashine kwamba ameandika "i", yaani lile lile kosa alilokuwa akilikwepa! Sauti ya Kiswahili katika chombo hiki si pambo.

Shule ya wasioona ya St. Lucy's iko Igoji, Meru, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko Nyeri, ng'ambo ya pili ya Mlima Kenya. Mhandisi wa huko akiamua kuunda kibao kama hicho, sisi tumpe mambo mawili: irabu tano zilizorekodiwa kwa matamshi ya Kiswahili, na orodha ya jozi za mazoezi. Tuanze na lea na lia, dua na fua, hua na jua, kura na kuwa.